Kimya cha Prof

Watu wengine wanakuchosha kwa maneno. Prof alinichosha kwa kutosema. Sijui kama umewahi kumkasirikia mtu ambaye hajakuambia neno baya, wala zuri, wala la katikati. Mimi nimewahi, na si mara moja. Mtu mwenyewe yuko hai, anakaa jirani yangu hapa Kamalondo, na leo asubuhi amepita mbele ya cherehani yangu, akainua kofia, akaenda zake. Hata "jambo" hakusema. Kwake yeye kofia inatosha.

Mtaa mzima unamwita Prof, na mimi sitamwita vingine. Alifundisha mawazo ya siasa chuo kikuu kule Kasapa mpaka wakampumzisha. Mimi nilipita katika darasa lake, bado msichana, kabla sijaacha masomo na kushika sindano, kwa hiyo nina haki mbili za kulalamika, ya mwanafunzi na ya jirani. Nitazitumia zote.

Somo lake lilikuwa na jina refu la Kifaransa, lakini kitu alichokifundisha hasa kilikuwa kimya. Siku ya kwanza aliingia, akaweka mkoba mezani, akakaa, akatutazama. Tukangoja. Hakusema kitu. Waliokuwa nyuma wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Msichana mmoja wa kwaya akatoa rozari. Wengine wakafungua madaftari wakajifanya wanasoma, na madaftari yenyewe yalikuwa mapya, hayana kitu ndani. Mwishowe kiongozi wa darasa, kijana mrefu aliyependa sana cheo chake, akasimama.

"Professeur, tunaomba pardon."

"Juu ya nini?" Prof akauliza.

"Hatujue, Professeur. Lakini tunaomba."

Prof akageukia ubao, akaandika tarehe, akasema: "Mi sijasema kintu, na munakwisha kuomba pardon. Serikali inaanzaka hapo."

Nakiri kwamba siku ile nilimpenda. Nilirudi nyumbani nikawasimulia wote, hata shangazi yangu aliyekuwa haniulizi kitu. Baada ya hapo nikawa naandika kila alichosema mpaka mkono unakufa ganzi. Alisema kila nchi ina katiba mbili: moja imeandikwa, na haisomwi na mtu, nyingine ni ya mambo ambayo watu wamekubaliana kutoyataja, na hiyo kila mmoja anaijua kabla hajaota meno ya pili. Alisema ukitaka kulijua wazo la siasa, usisikilize linachosema, tafuta linachonyamazia. Wanaohubiri uhuru wananyamaza juu ya nani atafua nguo. Wanaohubiri usawa wananyamaza juu ya nani atashika funguo. Na wanaohubiri nchi, akasema, hao hawataki kuulizwa mpaka wa nchi umepita katika lupango la nani, yaani kiwanja cha nani.

Na alisema hivi pia, na hili ndilo lililokuja kutuumiza: kwamba kuna kimya cha anayeogopa na kuna kimya cha anayekataa, na mtu akivitazama kutoka nje hawezi kuvitofautisha. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayeonyesha meno mapya. Hakuna aliyemuuliza kama mwenyewe anayenyamaza, yeye kwa ndani, anaweza kuvitofautisha.

Sasa mchukue mtu huyo, mtoe Kasapa, mlete awe jirani yako.

Nitaanza na suruali. Prof hushona kwangu, na ni mteja mwaminifu, siwezi kumkosea heshima hapo. Lakini suruali ikiwa na kasoro, hatasema. Atakuja nayo mkononi, atasimama mbele ya cherehani, ataniangalia. Hapo kazi yangu ni kubahatisha.

"Kiuno, Prof?"

Kimya.

"Urefu?"

Kimya.

"Ku mapaja?"

Anapepesa macho. Kupepesa macho ni ndiyo, au ni vumbi. Wateja wengine wamekaa wanangoja, na mimi nacheza kitendawili na mtu aliyeandika vitabu. Mungu anisamehe, kuna mara moja nilimshonea mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, makusudi, nione kama atafungua kinywa. Aliivaa suruali ile kwenda misa. Alipita mtaani mbele ya macho ya watu, upindo wa kulia unafagia vumbi, naye anainua kofia huku na huku. Kesho yake akaja mke wake.

"Anasema muguu moja iko murefu."

"Amesema?" Nilikaribia kuruka kutoka kitini.

"Hapana," mama Prof akajibu. "Lakini anasema."

Mama Prof ndiye aliyekuwa mkalimani wa kimya kile. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, binti wa mfanyakazi wa reli kama wengi wetu hapa, na sijui alipataje kuelewa. Mumewe akikohoa, yeye anakwambia amekubali bei. Mumewe akitazama juu, anakwambia hapendi nyama ya mbuzi. Tulizoea hivyo. Tulikuwa tunazungumza na Prof kupitia kwake kama unavyozungumza na mtu wa nchi nyingine, na yeye Prof anakaa pale pembeni ameridhika, hana kazi.

Ni mama Prof pia aliyenisimulia upande wa pili wa hadithi ambayo Prof aliipenda sana. Katika darasa alikuwa akitueleza kwamba wakati wa chama kimoja, wafanyakazi walipokuwa wanapangwa uani kila asubuhi ili waimbe na kucheza kumsifu mkubwa wa nchi, yeye hakuimba hata mara moja. Alifungua kinywa, alifunga kinywa, sauti haikutoka. "Mutawala anasikiaka kelele," alisema. "Hawezi kuhesabu midomo." Tulimpigia makofi. Tulimwona shujaa.

"Ni kweli, hakuimba," mama Prof akaniambia siku moja, anacheka mpaka anashika ubavu. "Lakini alikuwa anafungulaka kinywa muzuri kupita bote. Balimuweka mbele. Kila bageni bakikuya, ni paka yeye banaonyesha." Paka kwetu ni "tu", si mnyama.

Prof alikuwa pale pale, anamenya viazi vitamu. Hakusema kitu. Niliangalia uso wake nione kama ana aibu au ana hasira, sikuona kitu, viazi tu.

Sokoni pia alikuwa anatumia kimya. Anashika nyanya, anaitazama, anamtazama muuzaji, anaitazama tena nyanya. Muuzaji anaona aibu, anapunguza bei. Anazidi kuona aibu, anapunguza tena. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni mama samaki. Huyu anauza samaki wakavu wa Kasenga pale kwenye kona yetu, na anasema tangu anapofungua gunia mpaka anapolifunga. Anasema na wateja, anasema na nzi, na kama hakuna mtu anasema na samaki. Prof alipomjia na kimya chake, mama samaki akashika kiuno.

"Unanyamaza, Prof? Bon. Bei inapanda. Unanyamaza bado? Inapanda tena. Ngoja tu. Utaikuta ku mawingu."

Prof akalipa akakimbia. Tangu siku ile alikuwa anamtuma mkewe kununua samaki.

Ungeishia hapo, ungesema basi, ni mtu wa kimya, wako watu wa namna hiyo, waache. Ningemwacha. Lakini Prof ana redio. Ni redio kubwa ya zamani, ya mbao, inayochomekwa ukutani, haina betri, na akiifungua kwa habari anagombana nayo. Anagombana kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake. Waziri akizungumza, Prof anamkatiza: "Bongo!" Sisi huku tunasema bongo kwa uongo, kama tunavyosema boga kwa woga. "Bongo! Bongo tupu! Mulituambia vile vile tena!" Sauti inaruka ukuta, inafika kwangu, inafika kwa mama samaki, inafika mpaka kwa kinyozi. Tunaacha kazi tunasikiliza. Anachambua, anapinga, anataja nani alisema nini zamani na sasa amegeuka vipi. Ni mhadhara mzuri kuliko yote aliyotoa Kasapa. Halafu habari zinakwisha, anafungua mlango, anatoka, anainua kofia. Ukimuuliza, "Prof, unaona namna gani hii mambo ya siasa?" anatazama mbingu. Umeme ukikatika, mtaa mzima unajua bila kuwasha taa, maana Prof hagombani na mtu.

Hebu niambie, mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Anayo maneno. Anayo mengi kuliko sisi. Anayamwaga yote ndani ya sanduku la mbao lisiloweza kumsikia.

Sasa nifike kwenye uwanja.

Kati ya ukuta wa Prof na kona ya mama samaki kuna kiwanja kidogo ambacho hakina mwenyewe. Wazee wetu walikiacha wazi kwa ajili ya kilio. Nyumba za Kamalondo zimebanana, lupango moja lina familia kadhaa, na mtu akifa hakuna ua unaoweza kuwapokea waombolezaji. Kwa hiyo turubai linafungwa pale, wanaume wanakaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, moto unawashwa, bukari, ugali wetu, inasongwa, na watu wanalala hapo hapo mpaka mwisho wa kilio. Baba yangu alililiwa pale. Mama yangu pia. Sidhani kama kuna mlango katika mtaa huu ambao haujawahi kutoa mtu wake pale.

Na mtaa wetu una desturi moja ambayo wazee waliokuja kutoka kaskazini kufanya kazi ya migodi na ya reli waliileta pamoja na masanduku yao. Katika mkutano, mkubwa kwa umri ndiye anayefungua neno. Kabla hajafungua, hakuna mtu anayesema. Hata uwe na cheo, hata uwe na haki, hata nyumba iwe inaungua, unangoja mkubwa aseme hata "ehe," ndipo maneno yanatoka. Ni desturi nzuri. Imezuia ugomvi mwingi. Wakubwa wenzake walipokwisha kufa mmoja mmoja, mkubwa akabaki Prof.

Bwana mmoja kutoka commune, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, akatuletea habari kwamba kuna mfanyabiashara anataka nusu ya uwanja ajenge depo ya saruji. Akaitisha mkutano pale pale uwanjani. Shefu wa avenue, msimamizi wa barabara yetu, akaweka kiti cha Prof mbele, kiti chenye mikono, sisi wengine tukasimama. Bwana wa commune akaeleza, akamaliza na maneno haya: "Kama muko na neno, museme. Kama hamuna neno, nitaandika munakubali."

Shefu akauliza nani ana neno. Wote tukamtazama Prof.

Prof akakunja mikono. Akainua kidevu. Akatazama mbingu.

Shefu akauliza tena. Mama samaki alikuwa amesimama karibu nami, na nilimsikia anavyohema, maneno yamemjaa mpaka shingoni kama maji ndani ya debe. Lakini mkubwa hajafungua. Mimi nilimtazama Prof kwa macho ya kumsihi, nikasema moyoni: kohoa tu. Kohoa, mzee wa watu, hata kwa bahati mbaya, sisi tutafanya mengine. Hakukohoa. Shefu akauliza mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, kama anaona haya. Bwana wa commune akaandika, akaaga, akaondoka. Ukuta wa depo ukaanza kupanda siku chache baadaye.

Nilikwenda kwa Prof nimefura. Sikubisha hodi vizuri.

"Prof, juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikatala," akanijibu, tena kwa utulivu.

"Ulikatala wapi? Nani alisikia?"

"Ile kimya yangu ilikuwa ya kukatala. Bantu bote baliona."

"Bwana wa commune hakuona, Prof! Aliandika tunakubali!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio ulionimaliza. Alikuwa anaamini. Mtu aliyetufundisha kwamba kutoka nje vimya viwili havitofautiani alikuwa ameketi mbele ya serikali akiamini kwamba chake kimesomeka. Na kwa desturi yetu hakunyamaza peke yake, alitunyamazisha wote. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Mama Prof akaja kunishika mkono, akanipeleka mpaka barabarani.

"Anasema anasikia uchungu," akaniambia.

"Aseme yeye mwenyewe, mama."

Nilisema hivyo bila kujua kwamba mkalimani hatukai naye milele. Mwaka haukupita, mama Prof akafa kwa presha, mchana, akipepeta unga.

Kilio chake kilifanyika katika nusu ya uwanja iliyobaki. Ulikuwa mwili wa mtu aliyependwa, kwa hiyo watu walikuja wengi, na hawakuenea. Wanaume walikaa ukingoni mwa mtaro, miguu ndani ya matope. Wanawake walipika huku migongo inagusa ukuta wa depo. Katikati ya sala lori la saruji likataka kupita, dereva akapiga honi, akapiga tena, ikabidi waombolezaji wainuke, wasogeze mikeka, wasimame na watoto mgongoni mpaka lori lipite, kisha waketi waendelee na "Baba Yetu." Mimi nilikuwa nahudumia karibu na Prof. Akanigeukia, macho mekundu.

"Fasi iko kidogo," akasema.

Niliuma ulimi. Nilikuwa na jibu, lilikuwa tayari, lilikuwa la haki kabisa. Lakini mtu hajibu mfiwa. Nikamwongezea chai nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia, na sijui nilikuwa namlilia mama Prof au naulilia uwanja, au ni hasira tu.

Baada ya hapo Prof akabaki na kimya kisicho na mtu wa kukitafsiri. Alikuwa anakuja na suruali yake anasimama, mimi nabahatisha, hatufiki. Redio ndiyo ilikuwa inaendelea kutukanwa.

Ndipo bwana wa commune akarudi. Depo imefanikiwa, akasema, mwenyewe anataka nusu ya pili aweke malori. Mkutano ukatangazwa. Asubuhi ya siku hiyo nikaenda kwa Prof. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, ua umetulia. Nilipiga magoti, mimi, na magoti yangu yanavyouma.

"Prof, leo usipofungula neno, hatuna tena fasi ya kulilia bantu yetu. Weye mwenyewe utakufa, tutakuweka wapi? Ku trottoir, pembeni ya barabara? Sema paka neno moja. Sema 'ehe.' Tutafanya ingine."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akainua kofia.

Tukakusanyika. Shefu akaweka kiti chenye mikono mahali pake. Tukangoja Prof atoke. Hakutoka. Shefu akatuma mtu abishe mlango, mlango haukufunguliwa. Bwana wa commune akaangalia saa yake. Safari hii alikuwa na polisi mmoja pamoja naye, na polisi naye akaangalia saa yake. Watu wakatazama kiti kitupu, na nikaelewa, roho inaniuma, kwamba watangojea kiti. Mtu hayupo na bado anatuziba kinywa.

"Kama muko na neno, museme," akaanza bwana wa commune.

Nikatembea mpaka mbele, nikakaa kwenye kile kiti.

Nilisikia watu wanavuta pumzi. Mwanamke, tena mshonaji, tena kuna wakubwa wangu wengi waliosimama. Sikukaa kwa ushujaa, msinielewe vibaya. Nilikaa kwa kuchoka. Nilisema: "Ehe."

Basi. Hilo ndilo neno nililofungua nalo. Na mama samaki akapasuka.

Siwezi kuyaandika yote aliyosema. Alimwuliza bwana wa commune mama yake mwenyewe alililiwa wapi. Alimwuliza saruji inalia? Malori yanafiwa? Kinyozi akasema yake, shefu akasema yake, bibi mmoja asiyesikia vizuri akasema jambo lingine kabisa lakini kwa sauti. Bwana wa commune akainua mikono, akatumia silaha yake.

"Mbele hamukusema hata kintu! Muzee yenu mwenyewe alikuwa hapa, alikaa ku ile kiti. Alikubali!"

"Bongo!"

Ilitoka nyuma ya ukuta wa Prof. Sauti ile ile ya habari za redio, nene, iliyovunjika kidogo katikati.

"Bongo tupu! Hakukubali! Haana kukubali hata siku moja!"

Polisi akageuka huku na huku. Bwana wa commune uso ulibadilika, maana kuambiwa mwongo na watu unaowaona ni jambo moja, kuambiwa na ukuta ni jingine.

"Ni nani ule?" akauliza. "Nani anatukana muntu ya serikali? Atakuya ku bureau kueleza. Shefu, ni nani?"

Shefu akatazama viatu vyake.

Akamwuliza kinyozi, kinyozi akafuta mkasi. Akaniuliza mimi niliyekuwa katika kiti; nikatazama mbingu, na nilipokuwa natazama nikaona kwamba nimekunja mikono. Akawageukia wengine wote, wale waliokuwa wanapiga kelele dakika ile ile, na hakuna aliyekuwa na kinywa. Polisi akasogea kwa mama samaki. Akamwuliza mara ya kwanza. Akamwuliza tena karibu na uso. Mama samaki akafunga midomo, mashavu yakamvimba, akakaa hivyo mpaka wale mabwana walipokata tamaa, wakapanda gari, wakatuachia neno kwamba wataona. Mpaka leo hawajaona, na nusu ya uwanja ipo.

Jioni, jua halijazama, nikaenda kwa Prof. Alikuwa amekaa kando ya redio, kofia magotini, vidole vinakunja na kukunjua ukingo wake. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa kutokuja. Nilikuwa nimejiandaa pia kumkumbatia. Sikufanya hili wala lile.

"Prof, ni weye ulilalamika?"

"Redio," akasema.

"Redio?"

"Redio njo ililalamika."

"Prof, umeme haiko tangu asubuhi!"

Akaitazama redio. Akanitazama. Nilitaka kumfinya, nakuapia, mzee wa umri ule. Hata sasa! Hata baada ya kulisema neno zuri kuliko yote ya maisha yake, bado anataka kulisingizia sanduku. Kisha akasema, polepole, anaangalia kofia:

"Nilikuwa naogopa. Hata siku ile ya kwanza. Nilifikiri ni kukatala. Ilikuwa boga tu."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Balitafuta muntu?" akauliza.

"Balitafuta. Na polisi."

"Munabaambia nini?"

"Hatukubaambia kintu."

"Shefu?"

"Aliangalia biatu yake."

Akafikiri. Nilimwona anapita mtaani kichwani mwake, mlango kwa mlango, anatafuta ni kinywa gani kingeweza kuvuja. Akafika kwenye kona.

"Na mama samaki?"

"Alinyamaza."

Akainua uso. "Mama samaki?"

"Polisi alimuuliza karibu ya uso, Prof. Alinyamaza paka gari ikaenda."

Mtu aliyekifundisha kimya maisha yake yote alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yakawa yanatikisika. Nikangoja. Kuku wa jirani akapita, akachungulia, akaenda. Mwishowe akashusha kofia, akapangusa macho kwa mkono wa shati, mkono ambao mimi ndiye niliushona.

"Aksanti," akasema.

Nikamwambia aseme tena, maana sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia. Akasema tena.